Uniti 75 za bei nafuu zinamlinda nani?

Mwenye mita ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla, iliyo katika daraja la matumizi madogo yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, lile linaloitwa D1, akitoa shilingi 9,150 anapata uniti 75 za umeme, kodi na tozo zikiwa ndani. Jirani yake aliye daraja la kawaida, T1, akitoa fedha hiyo hiyo hafikishi uniti 26. Nguzo wanayochukulia umeme inaweza kuwa moja. Tofauti hiyo imewekwa kwa makusudi na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ili kaya yenye kipato kidogo isilale gizani, na nia hiyo sina ugomvi nayo. Lakini ukiifuatilia historia ya bei hizi, namna kikomo kilivyosogezwa na waliobebeshwa mzigo kila kiliposogezwa, unaona kwamba unafuu ulifungwa kwenye mita, si kwenye kaya. Ndiyo maana unawapita wengi waliokusudiwa na kuwaangukia wengine ambao hata hawakuuomba.

Mwaka 2011 Tanzania ilikuwa kwenye mgawo mkali wa umeme. Mabwawa yalikuwa yamekauka, na Mtera, ambalo ndilo hulisha maji mitambo ya mto Ruaha, lilishuka vibaya. Serikali ikaingia kwenye mitambo ya dharura inayotumia mafuta, umeme ambao ni ghali kuzalisha kuliko wa maji au wa gesi ya Songo Songo. Januari 2012 ankara ya dharura hiyo ikamfikia mteja: EWURA iliidhinisha ongezeko la wastani wa asilimia 40.29. Bei ya uniti kwa T1 ikatoka shilingi 157 hadi 221. Mteja wa D1, ambaye wakati huo kikomo chake kilikuwa uniti 50, aliachwa kwenye shilingi 60 ileile, ila akivuka 50 kila uniti ya ziada ilimgharimu shilingi 273. Hapo sera ilifanya kazi iliyoahidi, kwa sababu dhoruba ilipita na aliye chini kabisa hakuguswa.

Miaka miwili baadaye mambo yakabadilika, na badiliko hilo halikujadiliwa vya kutosha. Januari 2014 bei zilipanda tena kwa wastani wa asilimia 39.19. T1 ikafika shilingi 306 kwa uniti, pamoja na tozo ya huduma ya 5,520 kila mwezi. Kwa D1 kikomo kilipandishwa kutoka uniti 50 hadi 75, na wengi wakashangilia. Lakini bei yenyewe nayo ilitoka 60 hadi 100. Chukua kalamu. Kaya iliyokuwa ikitumia uniti 75 ilikuwa ikilipa, kabla ya kodi, 9,825. Sasa ikalipa 7,500. Kaya ya taa nne, redio na chaji ya simu, inayotumia uniti 30, ilikuwa ikilipa 1,800. Sasa ikalipa 3,000. Mstari wa kugawa waliopata na waliopoteza ulipita kwenye uniti kama 61. Aliyekuwa juu yake kidogo alipata nafuu, aliyekuwa chini alipandishiwa, na kadiri alivyotumia kidogo ndivyo asilimia ya ongezeko lake ilivyokaribia 67. Kwa jina la kupanua wigo wa masikini, masikini zaidi ndiye aliyechangia.

Hata hivyo kasoro kubwa zaidi imo ndani ya nyumba zenyewe. Nyumba ya kupanga ya Manzese, Mbagala au Tandika, jijini Dar es Salaam, ina korido katikati, vyumba sita au vinane, na mita moja ukutani. Kila mwezi hela ya LUKU inachangwa, na kila mwezi kuna mabishano: nani ana friji, nani anapiga pasi kila asubuhi, nani amechomeka jagi la kuchemshia maji akasahau. Wapangaji wanagombana wao kwa wao, ilhali ugomvi wao halisi ni wa daraja. Tuseme kaya nne humo ndani, kila moja ikitumia uniti 30. Kama kila moja ingekuwa na mita yake, ingelipa shilingi 3,000 kabla ya kodi na tozo. Kwa kuwa zinatumia mita moja, jumla ni uniti 120, mita inahesabiwa T1 kwa bei ya sasa ya 292, na kila kaya inalipa 8,760. Karibu mara tatu, kwa matumizi yaleyale. Wakati huohuo mtu mmoja kwenye nyumba yake ndogo nzuri, anayepikia gesi na kushinda kwenye ofisi yenye kiyoyozi, anabaki chini ya 75 bila jasho na analindwa kama kaya masikini.

Kwa nini wapangaji hawana mita zao? Kwa sehemu kubwa ni gharama ya kuunganishwa. Kijijini mteja hulipa 27,000. Mwaka 2021 Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, alielekeza kiwango hicho kitumike kote, lakini Januari 2022 kwa maeneo ya mjini kikarudishwa 320,960 kwa njia ya kawaida ndani ya mita 30. Mpangaji anayelipa kodi ya miezi mitatu hawezi kuwekeza laki tatu na ushee kwenye ukuta wa mtu mwingine, na mwenye nyumba naye haoni sababu, maana LUKU hailipi yeye.

Utasikia jibu kwamba mambo haya yamepoozwa na bei kusimama, kwa hiyo kila mtu amelindwa. Ni kweli bei imesimama. T1 ilishushwa kidogo kidogo hadi 292 mwezi Aprili 2016, na tozo ya huduma kwa daraja hilo ikafutwa. Mwishoni mwa mwaka huo shirika la umeme, TANESCO, liliomba ongezeko la asilimia 18.19, EWURA ikakubali 8.53. Kabla halijaanza kutumika, Waziri wa Nishati wa wakati huo, Sospeter Muhongo, akalizuia, na siku ya mwaka mpya wa 2017 Rais Magufuli akatengua uteuzi wa mkurugenzi mtendaji wa TANESCO, Felchesmi Mramba. Wengi wetu tulipiga makofi. Lakini hesabu haina ushabiki: asilimia 8.53 ya 292 ni kama shilingi 25. Nyumba inayotumia uniti 600, yenye viyoyozi na pampu ya maji, iliokolewa shilingi 15,000 hivi kwa mwezi. Inayotumia uniti 100 iliokolewa 2,500. Zuio la bei humpa zaidi anayetumia zaidi.

Hili si la Tanzania peke yake. Uingereza iliweka bei kikomo ya nishati ya majumbani Januari 2019, na gesi ilipopaa mwaka 2022 serikali ikaingilia kati ili nyumba ya matumizi ya kawaida ilipe kama pauni 2,500 kwa mwaka. Kilichozuiwa kilikuwa bei ya uniti, kwa hiyo jumba kubwa lilipata ruzuku kubwa. Pauni 400 za ziada zilitolewa kwa kila akaunti ya umeme, na kwa wapangaji ambao mita ni ya mwenye nyumba ikabidi sheria imlazimishe awafikishie. Kenya nayo ilikibadili kikomo cha matumizi madogo kutoka uniti 50 hadi 10 mwaka 2018, kelele zikazuka, kikapandishwa hadi 100 mwaka uleule, kisha 30 mwaka 2023. Nambari inasogezwa huku na huko, bila kuulizwa ni watu wangapi wako nyuma ya mita.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba TANESCO haina macho ndani ya nyumba. Inachokiona ni mita, na ukigawa mita kiholela utafungua mlango wa udanganyifu. Hoja ina uzito, ila mlango huo uko wazi tayari: mwenye uwezo anaweza kulipia mita ya pili, akagawa matumizi, na kukaa D1 pande zote mbili. Anayezuiwa ni yule asiye na 320,960. Wapo pia wanaosema ruzuku ifutwe, kila mtu alipe gharama halisi. Hao wanasahau kwamba kaya ikishindwa umeme hairudi kwenye giza tupu. Inarudi kwenye mkaa, na gharama ya misitu tunailipa wote. Na kuhusu fedha, kila uniti inayohama T1 kwenda D1 inalipunguzia shirika shilingi 192. Ni nyingi. Lakini T1 haina ngazi: anayetumia uniti 80 na anayetumia 1,500 wote hulipa 292. Ngazi ya tatu kwa matumizi makubwa ya majumbani ingeweza kulipia sehemu ya nakisi hiyo, na kwangu ni haki kuliko kuendelea kumtoza mpangaji wa Tandika bei ya tajiri kwa sababu ya ukuta anaoshirikiana na wenzake.

Kabla ya kubadili bei, EWURA huitisha mikutano ya taftishi, na Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, lipo kwa ajili ya kuwasemea wateja. Mikutano hiyo mara nyingi huhudhuriwa na wenye viwanda, na wapangaji hawaonekani. Ukisikia tangazo lijalo, nenda, na uliza jambo moja: mita za nyumba za kupanga ziunganishwe kwa shilingi 27,000, au kikomo cha uniti 75 kihesabiwe kwa kila kaya iliyosajiliwa na serikali ya mtaa.