Uainishaji wa vifaa vya sauti na video katika kerneli

Uainishaji wa vifaa vya sauti na video ni utaratibu ambao kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huutumia kuamua kila kifaa kiwekwe kundi gani, kipewe namba gani na kisimamiwe na kiendeshi kipi, yaani programu inayokiongoza. Katika Linux kigezo kikuu ni kazi. Kifaa hupangwa kwa kile kinachoifanyia ishara inayopita ndani yake. Chipu kilimofungwa na kampuni iliyokitengeneza havina uzito mkubwa.

Kwa Afrika Mashariki, mahali pazuri pa kuuona utaratibu huu ni ndani ya XO, laptopu ndogo ya kijani na nyeupe ambayo Rwanda ilianza kuigawa shuleni mwaka 2008 chini ya mpango wa One Laptop per Child. Kufikia katikati ya miaka ya 2010 watoto wa nchi hiyo walikuwa wamepewa zaidi ya mashine 200,000, nazo zote ziliendeshwa na Linux. Toleo la kwanza lilikuwa na prosesa ya AMD Geode ya megahezi 433 na kumbukumbu ya megabaiti 256 tu. Hata hivyo, karibu kila swali gumu la uainishaji limo humo.

Swali la kwanza linaletwa na chipu ya Marvell iitwayo CAFE. Fundi akiifungua laptopu ataona kipande kimoja. Kerneli huona vifaa vitatu. Kimoja husimamia hifadhi ya ndani, cha pili kadi ya SD, cha tatu kamera, na kila kimoja hujitambulisha kwa namba yake. Kamera hujitangaza kwa namba ya aina 0400, ambayo kwa kanuni za PCI, njia ya kuunganisha vifaa na kompyuta, ni ya vifaa vya video. Saketi ya sauti iliyo katika chipu nyingine hujitangaza kwa 0401. Kwa hiyo chipu moja ya CAFE inahudumiwa na matawi matatu ya kerneli yasiyoingiliana.

Mgawanyo hauishii hapo, na hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. CAFE haioni chochote. Hupokea tu picha na kuzipanga katika kumbukumbu. Anayeona ni kihisi cha OmniVision, OV7670, chenye uwezo wa picha 30 kwa sekunde za nukta 640 kwa 480. Picha hupita njia moja, na amri za kurekebisha mwanga na rangi hupita nyingine, ya I2C, waya mwembamba wa mawasiliano kati ya chipu. Mwaka 2006 Jonathan Corbet alipoandika programu ya kamera hiyo, alitenga viendeshi viwili: kimoja cha mpokeaji, kimoja cha kihisi. Uamuzi huo ulilipa. XO-1.5 ilipokuja na chipu za VIA, na baadaye XO-1.75 yenye prosesa ya ARM, aliyebadilika ni mpokeaji. Kiendeshi cha kihisi kiliendelea kutumika.

Simu za kisasa zilizidisha ugumu, kwa kuwa picha hupitia lenzi, kihisi na visafishaji kadhaa kabla ya kufika kwenye skrini. Mwaka 2011 Linux ilipokea mfumo uliosukwa na Laurent Pinchart, ambao huchora vifaa hivyo kama mtandao: kila sehemu ina milango ya kuingizia na kutolea ishara, na viungo kati ya milango vinaweza kufunguliwa au kufungwa.

Upande wa sauti una nyumba yake, ALSA, mradi ulioanzishwa na Jaroslav Kysela mwaka 1998. Faili za vifaa vyake hubeba namba kuu 116, wakati za kamera hubeba 81. Ndani ya XO chipu ya AMD husafirisha tarakimu, na kodeki ya AD1888 huzigeuza kuwa mawimbi ya spika.

Tundu la maikrofoni la mashine hiyo ndilo lenye kuleta ubishi. Kwa kawaida kapasita huzuia umeme usiobadilika usiingie, maana sauti haiuhitaji. Wabunifu wa XO waliruhusu kizuizi hicho kiepukwe, ili mtoto aweze kuchomeka kipima joto au kipima mwanga. Katika Nyamyumba, tarafa ya wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, kandokando ya Ziwa Kivu, kusini mwa mji wa Gisenyi, ziko chemchemi za maji moto ambazo wenyeji huziita amashyuza. Rezista inayobadilika kwa joto, ikizibwa maji yasiingie na kuunganishwa na tundu hilo, inatosha kuonyesha tofauti ya joto kati ya chemchemi na ziwa. Je, hicho ni kifaa cha sauti? Kerneli ilijibu ndiyo: iliongeza swichi mbili katika orodha ya vidhibiti vya kadi ya sauti, moja ya kupokea umeme usiobadilika na nyingine ya kuwasha umeme wa kukilisha kipima. Jibu hilo ni sahihi, kwa sababu vipimo vinapita katika kodeki ileile na kusomwa kwa njia ileile ya kurekodia.

Skrini, ingawa nayo ni video, haikai na kamera. Kunasa picha ni kazi ya tawi la media; kuionyesha ni kazi ya tawi la michoro. Waya wa HDMI huyalazimisha matawi kuzungumza, kwa kuwa hubeba picha na sauti pamoja.

Sehemu moja ya XO iliachwa kwa makusudi nje ya mikono ya programu: taa ndogo za kamera na maikrofoni. Huwashwa na saketi yenyewe kila kifaa kinapofanya kazi, hivyo hakuna programu inayoweza kumrekodi mtoto huku ikizizima.