Kifafa wakati wa janga la UVIKO-19

Kifafa wakati wa janga la UVIKO-19 ni mada inayohusu maisha ya watu wenye kifafa, na jinsi walivyopata au walivyokosa matibabu, katika kipindi ambacho ugonjwa wa UVIKO-19 (huitwa pia korona) ulikuwa dharura ya afya duniani. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza dharura hiyo tarehe 30 Januari 2020, likaueleza ugonjwa kuwa janga la dunia tarehe 11 Machi 2020, na kutangaza mwisho wa dharura tarehe 5 Mei 2023.

Kwa wengi wenye kifafa hatari kubwa haikuwa virusi vyenyewe, bali kukatika kwa dawa. Kifafa hutulizwa kwa vidonge vinavyomezwa kila siku. Siku chache bila dawa zinaweza kurudisha mitukutiko iliyokuwa imetulia kwa miaka. Makala hii inaeleza suala hilo kwa jumla, na hasa katika nchi za Afrika ya Mashariki.

Kifafa kwa ufupi

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Chembe za neva huwasiliana kwa umeme mdogo sana. Umeme huo unapovurugika ghafla, mtu hushikwa na kifafa. Wengine huanguka, hukakamaa na kutukutika mwili mzima, huku wakitokwa na povu mdomoni. Wengine hupotewa na fahamu kwa sekunde chache tu wakiwa wamekodoa macho, na mwalimu darasani anaweza kudhani mwanafunzi amezubaa. Kwa kawaida mtu huhesabiwa kuwa na kifafa akishapatwa na hali hiyo mara mbili au zaidi bila sababu ya muda kama homa.

Kifafa si sawa na degedege, jina linalotumika kwa mtukutiko wa mtoto mdogo mwenye homa kali, mara nyingi kutokana na malaria. Watoto wengi waliopata degedege hukua bila kifafa, ingawa malaria iliyopanda kichwani inaweza kuacha jeraha katika ubongo ambalo baadaye huleta kifafa. Sababu nyingine ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, kuumia kichwa katika ajali, kiharusi, na mabuu ya tegu wa nguruwe yanayokaa katika ubongo. Katika sehemu zenye ugonjwa wa usubi kifafa huonekana kwa wingi zaidi. Kwa wagonjwa wengi sababu haijulikani.

WHO inakadiria kwamba watu milioni 50 hivi duniani wana kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao huishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mitukutiko kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo.

Hali kabla ya janga

Matatizo ya tiba ya kifafa hayakuanza na korona. Katika nchi za kipato cha chini, karibu robo tatu ya wenye kifafa hawapati matibabu wanayohitaji. Madaktari bingwa wa neva ni wachache na wako katika miji mikubwa, hivyo wagonjwa wengi huhudumiwa na matabibu na wauguzi katika zahanati na vituo vya afya.

Dawa inayotumika zaidi vijijini ni fenobabitali, iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912. Bei yake ni nafuu na humezwa mara moja kwa siku. Lakini iko chini ya udhibiti wa Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, kwa hiyo kuiagiza na kuisafirisha kati ya nchi kunahitaji vibali. Dawa nyingine zinazojulikana ni fenitoini, kabamazepini na valproati.

Afrika ya Mashariki ina historia ndefu katika suala hili. Katika milima ya Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwei alianzisha kliniki ya kifafa mnamo mwaka 1960, na mwaka 1965 alichapisha utafiti kuhusu kifafa kati ya Wapogoro. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa, wengine wakiwa na makovu ya moto kwa kuangukia mafiga. Baadaye Kilifi nchini Kenya, Ifakara nchini Tanzania, na Iganga na Mayuge nchini Uganda zilikuwa kati ya sehemu tano za Afrika zilizoshiriki utafiti mkubwa wa kifafa; nyingine zilikuwa Agincourt (Afrika Kusini) na Kintampo (Ghana).

Kifafa na virusi vya korona

Kuwa na kifafa peke yake hakumfanyi mtu aambukizwe korona kwa urahisi zaidi. Hata hivyo kuna mambo manne yaliyohitaji uangalifu.

Kwanza, homa ya ugonjwa wowote inaweza kuamsha mitukutiko kwa mtu mwenye kifafa. Wagonjwa walishauriwa kushusha homa mapema, kwa mfano kwa parasetamoli. Katika nchi zenye malaria ilibaki muhimu kupima malaria pia, kwa kuwa si kila homa ya wakati ule ilikuwa korona.

Pili, mtu anayetapika au kuharisha anaweza kukosa kipimo cha dawa yake bila kujua, kwa sababu vidonge havikai tumboni.

Tatu, baadhi ya dawa zilizokimbiliwa na watu hazipatani na kifafa. Klorokwini, iliyotafutwa sana mwanzoni mwa mwaka 2020, inaweza kuchochea mitukutiko. Nimatrelviri pamoja na ritonaviri, dawa ya korona iliyokuja baadaye, haitakiwi kutumiwa pamoja na kabamazepini, fenitoini au fenobabitali.

Nne, hofu na kukosa usingizi ni vichochezi vinavyojulikana vya kifafa, na katika miezi ile havikukosekana katika nyumba nyingi.

Kuvurugika kwa huduma

Kati ya Juni na Agosti 2020 WHO ilikusanya taarifa za huduma za afya ya akili na magonjwa ya neva kutoka nchi 130. Zaidi ya theluthi moja (asilimia 35) ziliripoti kuvurugika kwa huduma za dharura, zikiwemo zile za watu wenye mitukutiko isiyokoma, na asilimia 30 ziliripoti kuvurugika kwa upatikanaji wa dawa.

Nchini Kenya mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Kuanzia tarehe 27 Machi kulikuwa na kafyu ya usiku, na mwezi wa Aprili usafiri wa kuingia na kutoka eneo la jiji la Nairobi na kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale ulizuiwa. Matatu ziliagizwa kupunguza abiria, na nauli zikapanda. Kwa familia iliyokuwa ikitoa nauli ya kwenda kliniki kila mwezi, ongezeko hilo lilitosha kuamua kama dawa zitachukuliwa au la. Desemba 2020 wauguzi na maafisa wa kliniki, ambao ndio wanaowahudumia wagonjwa wengi wa kifafa, waligoma, na hospitali nyingi za umma zikakosa watumishi.

Uganda ilisimamisha usafiri wa umma mwishoni mwa Machi 2020. Bodaboda ziliruhusiwa kubeba mizigo tu, si abiria. Magari binafsi nayo yalizuiwa, na aliyetaka kumpeleka mgonjwa hospitali kwa gari alihitaji ruhusa ya mwakilishi wa Rais katika wilaya. Kanuni hiyo iliwagusa sana wenye kifafa, kwa kuwa mtukutiko hautoi taarifa. Ukipita dakika tano huwa ni dharura ambayo haiwezi kungoja kibali.

Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 16 Machi 2020. Shule zilifungwa hadi mwishoni mwa Juni, lakini hakukuwa na amri ya jumla ya kuwafungia watu ndani. Hata hivyo barabara kuwa wazi hakukumaanisha kila mgonjwa alikwenda kliniki: hofu ya kuambukizwa hospitalini ilitosha kumfanya mtu abaki nyumbani. Wengi walijifukiza kwa mvuke wa majani (nyungu). Kwa mwenye kifafa, kuinamia chungu cha maji yanayochemka akiwa peke yake kuna hatari ileile ya jikoni, yaani kuungua akishikwa ghafla.

Hatari ya kukatiza dawa

Dawa za kifafa hazitibu chanzo cha ugonjwa. Hutuliza ubongo kwa muda zinapokuwa ndani ya mwili. Zikikatizwa ghafla, hasa fenobabitali, mitukutiko inaweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo na hata kufuatana bila mgonjwa kupata fahamu. Hali hiyo inaweza kuharibu ubongo au kuua. Kuna pia vifo vya ghafla vya watu wenye kifafa, mara nyingi usingizini, na hatari yake ni kubwa zaidi kwa wale ambao mitukutiko yao haijadhibitiwa.

Baadhi ya wagonjwa, walipoona vidonge vinakaribia kwisha, walijipunguzia kipimo ili vifike mbali. Njia hiyo ni ya hatari pia, kwani kipimo pungufu huenda kisizuie kitu. Kubadilisha dawa moja kwa nyingine kunahitaji mtaalamu. Mjamzito hatakiwi kuacha dawa mwenyewe. Lakini valproati inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hivyo ni vema mwanamke azungumze na daktari kabla ya kupata mimba.

Njia zilizotumika

Njia rahisi ilikuwa kutoa dawa za miezi miwili au mitatu kwa mara moja badala ya mwezi mmoja. Huduma za UKIMWI katika nchi nyingi za Afrika zilikuwa na uzoefu huo tayari.

Njia ya pili ilikuwa simu. Kifafa kinafaa kwa ushauri wa simu kuliko magonjwa mengi, kwa sababu utambuzi wake hutegemea zaidi maelezo ya mtu aliyeshuhudia. Ndugu anaweza kurekodi video fupi ya tukio na kumwonyesha tabibu. Lakini wasio na simu janja, mtandao au umeme walibaki nje, na mara nyingi hao ndio waliokuwa mbali zaidi na hospitali.

Njia ya tatu ilikuwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaojua nyumba za wagonjwa na wanaoweza kupeleka dawa au kufuatilia waliopotea.

Unyanyapaa

Imani kwamba kifafa huambukiza kwa mate au povu ni ya zamani, na imewafanya watu wamwache aliyeanguka bila msaada. Si kweli: kifafa hakiambukizi. Korona, inayoambukiza kwa matone ya mate, ilikuja juu ya hofu hiyo, na aliyeanguka barabarani aliweza kuogopwa mara mbili. Kufungwa kwa shule nako kuliwaondoa watoto wenye kifafa katika macho ya walimu, ambao wakati mwingine ndio wa kwanza kutambua tatizo.

Huduma ya kwanza

Mtu akishikwa na kifafa:

- Ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, mwepushe na moto na maji, na weka kitu laini chini ya kichwa.
- Mvue barakoa, na legeza nguo shingoni.
- Usimkamate kwa nguvu, na usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni.
- Mtukutiko ukitulia, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke.
- Angalia saa. Ukizidi dakika tano, ukirudi kabla hajapata fahamu, au ikiwa ni mara yake ya kwanza, mpeleke hospitali.
- Kaa naye hadi apate fahamu kamili.

Baada ya janga

Kifafa si sababu ya kukataa chanjo ya UVIKO-19. Ilishauriwa tu kuiangalia homa inayoweza kufuata na kuituliza.

Mei 2022 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mpango wa miaka 2022–2031 kuhusu kifafa na magonjwa mengine ya neva. Lengo lake ni kwamba ifikapo 2031 asilimia 90 ya wenye kifafa wajue kuwa ugonjwa wao unatibika, asilimia 80 wapate dawa zinazofaa kwa bei wanayoimudu, na asilimia 70 ya wanaotibiwa wadhibiti mitukutiko. Siku ya Kimataifa ya Kifafa huadhimishwa kila mwaka Jumatatu ya pili ya Februari.

Tazama pia

- Kifafa
- Degedege
- UVIKO-19
- Ubongo
- Usubi