Kiolezo cha Kuazima Huvunja Ngeli

Wiki jana nilikuwa katika saiba moja hapa Ukunda nikisaka kitabu mtandaoni. Jibu likaja: "Kitabu haipatikani." Kijana wa saiba akaangua kicheko. "Mwalimu, hata kompyuta imefeli ngeli!"

Ndugu msomaji, kompyuta haikuitunga sentensi ile. Iliijaza. Baina ya kifaa chako na tovuti aghalabu husimama seva wakala, mfano wa mshenga. Ombi lako hupita kwake likiwa na anwani ya unachotafuta, aina ya kifaa, hata lugha uipendayo. Kiswahili hutambulishwa kwa herufi mbili tu, "sw". Mshenga huyo huweza kuchukua kiolezo, yaani sentensi yenye pengo, akapachika humo data za ombi. Katika Nginx, seva iliyotolewa na Mrusi Igor Sysoev mwaka 2004, pengo huanza kwa alama ya dola: $host ni jina la tovuti iliyoombwa.

Violezo si vigeni Pwani. Katika karne ya 19, Mbaruk bin Rashid alipokuwa akitawala Gazi, barua za Kiswahili ziliandikwa kwa hati za Kiarabu na kufuata mkondo mmoja: "ila jenabi", jina na sifa za mpokeaji, salamu, kisha "wa baada" na haja yenyewe. Mjerumani C. G. Büttner alichapisha mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili ya hati hizo mwaka 1892. Ila mwandishi wa barua alijaza pengo huku akiisoma sentensi nzima. Seva haisomi, inapachika tu.

Hapo ndipo penye kasoro. Kitenzi cha Kiingereza hakijali ngeli. Chetu chadai upatanisho: kitabu hakipatikani, ukurasa haupatikani, picha haipatikani. Mwaka huohuo wa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Istilahi basi tunazo. Kilichobaki ni sarufi ya pengo.

Dawa si ngumu. Sentensi ianze na nafsi: "Samahani, hatukupata..." Hapo kitabu, ukurasa au picha yaingia bila ugomvi. Watu nao watengewe kiolezo chao: "hatukumpata mwalimu". Lakini hayo sharti yaamuliwe na mjuzi wa lugha akiwa ameketi na mwanaprogramu tangu mwanzo, si kuitwa kutafsiri kazi ikishakwisha. Nguo ya kuazima, wahenga walisema, haisitiri maungo.