Shujaa Asiyezeeka

Hadithi za Abunuwasi hazina mwisho wala mwenyewe. Kila msimulizi wa mwambao huzitwaa, akazipunguza na kuziongeza apendavyo, na hapana hakimu atakayemwuliza amezipata wapi. Utenzi una mwenyewe na una mwisho: aghalabu mtunzi hulitia jina lake katika beti za khatima, pengine na tarehe, ili ijulikane ni nani aliyeshika kalamu na ni lini aliiweka chini. Karne ya ishirini ilizaa aina ya tatu, hadithi isiyo na mwisho lakini yenye mwenyewe, na huyo mwenyewe si mtunzi. Nazikusudia hadithi za mashujaa wa katuni wa Marekani, ambazo mimi ni msomaji wao wa miaka mingi, na ambazo historia yao hutajwa kidogo kuliko ngumi zao.

Chanzo ni mji wa Cleveland, jimbo la Ohio. Vijana wawili, watoto wa wahamiaji wa Kiyahudi, walikutana skuli: Jerry Siegel akiandika, Joe Shuster akichora. Mapema katika miaka ya 1930 walimbuni Superman, na kwa miaka kadhaa wachapishaji walimkataa. Machi 1938 wakatia saini hati iliyompa mchapishaji mmoja wa New York haki zote za shujaa huyo, daima dawamu, kwa dola 130. Yaani dola kumi kwa kila ukurasa, kurasa kumi na tatu. Toleo la kwanza la Action Comics likatoka mwaka huo huo kwa bei ya senti kumi, na biashara nzima ya katuni ikabadilika. Mwaka 1947 vijana hao, ambao sasa walikuwa watu wazima, walikwenda mahakamani. Shauri likaisha kwa suluhu, Superman akabaki kwa kampuni, na majina yao yakaondolewa katika kurasa zake. Ilipofika katikati ya miaka ya 1970 Shuster alikuwa karibu haoni, na Siegel alikuwa karani wa barua Los Angeles. Wachoraji wenzao, khasa Neal Adams na Jerry Robinson, waliwasaidia kulipeleka jambo hilo kwa umma wakati filamu kubwa ya Superman ilipokuwa ikitayarishwa. Mwishoni mwa 1975 kampuni ikakubali kumlipa kila mmoja dola 20,000 kwa mwaka na kuyarejesha majina. Ile hundi ya 1938 iliuzwa mnadani mwaka 2012 kwa dola 160,000. Wenyewe walikwisha kufariki, Shuster mwaka 1992 na Siegel mwaka 1996.

Kisa cha Jack Kirby hakiko mbali na hicho. Tangu 1961 yeye na Stan Lee waliijenga Marvel kwa Fantastic Four, Hulk na wengi wengineo. Alipodai katika miaka ya 1980 arudishiwe michoro aliyoichora kwa mkono wake, alitakiwa kwanza asaini hati nzito kuliko waliyopewa wenzake. Mwaka 1987 alipata takriban kurasa 2,000, sehemu ndogo ya kazi yake. Alifariki 1994, na warithi wake wakafikia suluhu na Marvel mwaka 2014, miaka mitano baada ya Disney kuinunua kampuni hiyo kwa kiasi cha dola bilioni nne.

Msomaji ataniuliza: mambo ya hati na hundi yanahusu nini na fasihi? Yanaihusu sana, kwa sababu umiliki huo huingia ndani ya hadithi yenyewe. Bidhaa isiyotakiwa kutoka dukani haiwezi kuruhusiwa kufa. Novemba 1992 Superman aliuawa kwa kishindo, nakala zikauzwa kwa mamilioni, watu wakavaa vitambaa vyeusi mikononi. Kabla ya 1993 kumalizika alikuwa hai tena. Spider-Man, yaani Peter Parker, alianza 1962 akiwa mwanafunzi wa skuli, akakua kidogo kidogo, na mwaka 1987 akamuoa Mary Jane. Hapo wahariri wakaona ndoa inamzeesha. Mwaka 2007 ikatungwa hadithi ambayo ndani yake wanandoa hao wanafanya mapatano na shetani ili kuyaokoa maisha ya shangazi: ndoa ikafutwa, kana kwamba haikuwahi kufungwa. Mwandishi wa mfululizo huo, J. Michael Straczynski, alisema hadharani kwamba hakukubaliana na namna jambo lile lilivyofanywa. Lakini yeye alikuwa kibarua wa hadithi. Mwenye nyumba alikwisha kuamua. Kwangu mimi ile ndiyo siku Spider-Man alipokufa, ingawa amechapishwa kila mwezi tangu hapo.

Njia nyengine ilifunguliwa na wachoraji wa chinichini wa San Francisco mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwamo Robert Crumb, ikapanuliwa na maduka maalumu ya katuni katika miaka ya 1970. Maduka hayo yaliagiza nakala kwa bei nafuu kwa sharti la kutozirudisha. Kwa hiyo mchapishaji mdogo aliweza kujua mapema achape ngapi, na akaacha kuogopa marobota yasiyouzwa. Kutokana na utaratibu huo mkavu wa kibiashara ndipo watunzi wakapata kumiliki kazi zao. Jeff Smith wa Columbus, Ohio, aliianza Bone mwaka 1991 na kuimaliza 2004 katika toleo la 55. Mwaka 1992 wachoraji saba mashuhuri waliungana kuanzisha Image, ambayo haidai hakimiliki ya hadithi za watunzi inaowachapisha. Humo ndimo Robert Kirkman alipoandika The Walking Dead tangu 2003, na mwaka 2019 akaikata ghafla katika toleo la 193, baada ya kutangaza matoleo ya baadaye ambayo hayakuwapo, ili msomaji asitambue kuwa mwisho umefika.

Kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni Love and Rockets ya ndugu wa Hernandez kutoka Oxnard, California, iliyoanza 1981 kwa fedha zao wenyewe. Jaime Hernandez amemchora Maggie kwa zaidi ya miaka arobaini. Tulimjua msichana mwembamba, fundi wa mashine, mpenda muziki wa fujo; tukamwona akinenepa, akiachwa, akisimamia nyumba za kupangisha, akizikwepa picha zake za zamani. Hakuna aliyemrudisha ujanani. Mtu akikisoma kisa cha mwaka fulani baada ya kukisoma cha miaka ishirini kabla yake, huuona wakati wenyewe ukipita usoni mwa mtu kwa mistari michache ya wino. Superman, kwa miaka zaidi ya themanini, hajatupa kitu kama hicho.

Hata hivyo uhuru haumlindi mtunzi na nafsi yake. Dave Sim wa Kanada aliahidi matoleo 300 ya Cerebus, muhanga mwenye upanga, na kuanzia Desemba 1977 hadi Machi 2004 alitimiza ahadi. Lakini juzuu za mwisho zimejaa mahubiri dhidi ya wanawake, na mhariri mkali angetusaidia. Saga ya Brian K. Vaughan na Fiona Staples ilisimama 2018 katika toleo la 54, nasi tukangoja hadi Januari 2022. Ningojeshwe. Mtu anayepumzika ni ishara kwamba kazi ina mtu.

Kampuni nazo zimeyaona haya. Mwaka 2024 Marvel ilitoa Ultimate Spider-Man ya Jonathan Hickman, ambamo Peter ni mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, na mwaka huo huo DC ikatoa Absolute Batman ya Scott Snyder, ambamo Bruce Wayne hana utajiri na mama yake yu hai. Nimezisoma zote mbili kwa furaha, khasa ile ya kwanza. Lakini zote ziliwekwa katika malimwengu ya pembeni, wakati Peter wa siku zote aliendelea na useja wake.

Kwa sheria ya Marekani, hakimiliki ya kazi iliyochapishwa 1938 hudumu miaka 95. Tarehe 1 Januari 2034 Superman wa lile toleo la senti kumi, yule wa Siegel na Shuster asiyejua hata kuruka angani bali hupiga miruko mirefu tu, atakuwa wa kila mtu, kama Abunuwasi, na atakayetaka kumuoza, kumzeesha au kumzika hatahitaji kuomba ruhusa.