Wiki ya Bachela

Jumapili jioni, Kawangware. Kodi imekula kila kitu na nimebaki na thao moja ya kunifikisha Jumapili ijayo. Si mara ya kwanza. Lakini kila baada ya mavuno shosho hunitumia gunia kutoka shags kwa buti ya basi, mahindi na maharagwe, kwa hivyo pesa yangu huwa ya mboga na mafuta tu. Msimu huu mvua ilikataa. Gunia halikuja, na kwa mara ya kwanza nilikuwa nanunua chakula chote mwenyewe.

Nikaanzia kwa mama mboga wa kona.

"Sukuma ya ngapi?"

"Ya mbao, mathe."

"Si uko peke yako? Hiyo itakutosha."

Hesabu hiyo ya mtu peke yake ilianza zamani sana hapa Nairobi. Serikali ya kikoloni ilimwona Mwafrika wa mjini kama mwanaume mpita njia: bibi na watoto wako rizavu, wanalima, wanajilisha. Basi mshahara ukapimwa umtoshe yeye tu, tena kwa shida. Waajiri wengi walilipa sehemu yake kwa posho, yaani chakula cha kugawiwa, hasa unga wa mahindi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wapagazi wa Carrier Corps, wale waliotuachia jina Kariokor, walilishwa posho hiyo hiyo. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa magonjwa wala si risasi, na kuhara kulikotokana na unga uliosagwa vibaya na kupikwa nusu kulichangia. Watu waliozoea wimbi, mtama na viazi vitamu walijifunza kuishi kwa unga wa mahindi wakiwa kazini. Siku hizi tunauita chakula chetu, na mimi mwenyewe siwezi kulala bila ugali.

Mitaa yangu miwili iliingia kwenye hesabu hiyo kama shamba. Kibera, au Kibra, ni neno la Kinubi la msitu. Wanajeshi Wanubi wa King's African Rifles walipewa nafasi huko badala ya pensheni, wakalima na kufuga, na mwaka 1918 zaidi ya ekari 4,000 zikatangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi. Kawangware nayo ilikuwa upande wa rizavu ya Wakikuyu, Dagoretti, nje ya mipaka ya jiji hadi 1963. Kote kuwili udongo ulifanya kazi ambayo pesa ilipaswa kufanya.

Watu waliliona hilo mapema. Mei 1950, Makhan Singh na Fred Kubai walipokamatwa, wafanyakazi wa Nairobi waligoma zaidi ya wiki nzima. Walitaka viongozi wao waachiliwe, na mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Mgomo ukavunjwa na Singh akakaa kizuizini hadi 1961. Mwaka 1954 kamati ya serikali iliyoongozwa na Carpenter ikakiri kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mjini katika kampuni za watu binafsi walilipwa pesa isiyotosha mahitaji ya lazima, ikapendekeza mshahara wa bachela ugeuzwe polepole kuwa mshahara wa familia. Nilisoma habari hizo mwaka wa pili chuoni, kabla karo hainishinde. Wakati huo ilikuwa kitu cha kukariri kwa mtihani.

Tangu hapo shamba limeota mabati. Mwaka 2017 Wanubi wa Kibera walipopewa hati, ilikuwa ya ekari 288.

Jumatatu nilitembea hadi Toi, nyuma ya Adams, kwa sababu jioni wakifunga nyanya zilizolegea hushuka bei. Nikanunua gorogoro mbili za mahindi nikazipeleka kusagwa. Kibao mlangoni bado kinasema Posho Mill. Maharagwe makavu yalinishawishi mpaka nikakumbuka moto. Mkebe mmoja wa makaa ungeishia kwenye sufuria moja, na gesi yangu ilikuwa inapumua kwa shida. Ndio maana huku watu hununua maharagwe yaliyochemshwa tayari kwa bakuli, ingawa ukipiga hesabu ni ghali kuliko makavu. Sukari ni hivyo hivyo. Kilo ni 160, robo ni 45, na mimi hununua robo. Kadogo ni kulipa zaidi kwa sababu huna. Zamani angalau ulifungiwa kwa juala. Tangu Agosti 2017 zilipopigwa marufuku, ni gazeti.

Unga wa bei nafuu nimeuona mara mbili maishani. 2017, pakiti ya kilo 2 ikawa Sh90. 2022 ikawa Sh100. Miaka yote miwili kulikuwa na uchaguzi Agosti. Nilipiga foleni mara zote mbili, na sijutii.

Kufikia Alhamisi nilikuwa na soo moja na sukuma ya siku moja. Jirani yangu ana watoto watatu na hufua nguo za watu huko Lavington, na mshahara wake hauulizi wako wangapi. Alikuja kuomba chumvi, akaona sufuria yangu, akarudi na chapati nusu.

Usiku shosho akapiga.

"Umekula?"

"Nimekula, shosho."

"Kuna maharagwe kidogo nilikuwa nimeweka ya mbegu. Nitakutafutia basi."

Nikamwambia asitume, apande. Akasema mbegu ni zake. Nikasema mimi ndiye nafaa kumtumia pesa, si yeye kunilisha nikiwa na kazi. Tukabishana hadi kredo yake ikaisha.

Jumamosi asubuhi kondakta alinipigia. Mzigo uko Country Bus, niukujie kabla ya saa nne. Nauli sikuwa nayo, kwa hivyo nikafunga kamba za viatu.