Plagi na Mafundi wa Kariakoo

Tangu mhandisi Gottlob Honold, katika karakana ya Robert Bosch mjini Stuttgart, alipokamilisha mwaka 1902 plagi ya umeme wa nguvu kubwa, injini ya petroli haikuweza tena kukosa kitu hiki kidogo. Na katika Dar es Salaam haja hiyo ilikuja kuipatia Kariakoo, mahali walipopiga kambi wapagazi wa jeshi la Waingereza baada ya mji kutekwa mwaka 1916, biashara yake mashuhuri ya vipuri, ambayo maduka yake yameenea hata mtaa jirani wa Gerezani.

Katika zama za uhaba wa fedha za kigeni, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, plagi mpya ilikuwa adimu, hata fundi akawa hana hila ila kuisugua ile kuukuu kwa brashi ya waya, kisha kuukunja taratibu mkono wake wa nje, akipima nafasi ya cheche kwa kibati, mpaka ifike milimita 0.7 au karibu yake.

Masharti ya kuagiza bidhaa yalipolegezwa mwaka 1984, na magari madogo yaliyokwisha tumika Japani yakaingia kwa wingi baadaye, ilimu ya kazi ilibadilika: mnunuzi sasa husoma namba, urefu wa uzi na kiwango cha joto, kwani plagi ya moto mno hudhuru injini na ya baridi mno hushika masizi, nafasi nayo imefika takriban milimita 1.1 katika magari mengi, na plagi za iridiamu, zenye ncha nyembamba, hutoka kiwandani zimekwisha pimwa, hivyo fundi mwenye hadhari huzihakiki tu bila ya kuzikunja.