Rosa Mistika na Dhambi ya Kunyamaza

Nianze kwa kuungama. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi niliisoma mara ya kwanza nikiwa kidato cha pili, katika shule moja ya bweni ya wasichana. Nakala ilikuwa haina jalada, nami niliificha ndani ya daftari la Bayolojia. Jumamosi iliyofuata nikaenda kitubioni nikasema nimesoma kitabu kibaya. Padri akauliza kinahusu nini. Nikajibu: msichana anayepigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Akakaa kimya kidogo, kisha akanipa malipizi: rozari moja na litania ya Bikira Maria. Nikapiga magoti. Nilipofika pale Maria anapoitwa waridi la fumbo, nikashtuka. Kumbe jina la kile kitabu "kibaya" ndilo nililoagizwa kulisali!

Jina hilo, Rosa Mystica kwa Kilatini, limo katika litania ya Loreto iliyoidhinishwa na Papa Sixtus V mwaka 1587. Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944 na kupitia seminari, hakuliokota njiani. Ndiyo maana katika makala haya nataka kupinga madai mawili yaliyozoeleka. La kwanza ni kwamba riwaya hii inafundisha uasherati. La pili ni kwamba ni kazi ya mtu aliyeikana imani akabaki na kukata tamaa. Mimi naiona kama kitabu kilichoandikwa kutoka ndani ya nyumba ya Kanisa, na dhambi kinayoichunguza zaidi ni ile ambayo hatujazoea kuiungama, yaani dhambi ya kunyamaza.

Tuanze na historia. Wamisionari walipojenga Kagunguli, Ukerewe, mwishoni mwa karne ya 19, hawakuleta Injili peke yake. Walileta shule, kalamu, na pia aibu ya namna mpya. Mtoto mmoja wa misheni ile alikuwa Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, akasoma seminari ya Rubya na baadaye akawa katekista. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wanaohangaikia mtoto. Toleo la Kiswahili lilichapishwa na Tanzania Publishing House likiwa na tarehe ya mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Sasa tazama jambo la ajabu: katekista huyu anasimulia tumbo, dawa za uzazi, wivu wa ndoa na kujifungua bila kumung'unya maneno. Wahusika wake hawajaliona Kanisa, lakini miili yao wanaizungumzia. Binti anayekua ana watu wa kumfunda.

Ukitoka kwa Kitereza ukaingia kwa Kezilahabi, kisiwa ni kilekile lakini mazungumzo yamekatika. Rosa ni binti wa Zakaria na Regina. Majina yote ni ya ubatizo, na baba ni mlevi. Mafunzo ya jando na unyago yamepigwa vita, na mahali pake hapakuwekwa kitu ila fimbo. Zakaria hamwelezi bintiye mwanamume ni kiumbe gani. Anampiga tu ili amwogope. Rosa anakwenda sekondari ya Rosary, Mwanza, akiwa na woga ule ambao watu wa nje wanauona kuwa ni utakatifu. Akifika chuo cha ualimu Morogoro, fimbo haipo tena, na ndani yake hamna kitu cha kumwongoza. Sasa jamani, hapo nani amemwangusha? Riwaya hii inatoka miaka michache tu baada ya waraka wa Humanae Vitae wa Julai 1968, wakati Wakatoliki dunia nzima wakibishana juu ya uzazi wa mpango. Huku Namagondo msichana hakuelezwa hata mwili wake mwenyewe.

Rosa Mistika ilichapishwa na East African Literature Bureau mwaka 1971, mwaka mmoja baada ya mwandishi kuhitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Haikuchukua muda ikapigwa marufuku mashuleni, ingawa baadaye iliruhusiwa na hata kufundishwa. Mwaka huohuo wa 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, iliyoruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Ukiweka mambo haya mawili pamoja unapata picha ya enzi: binti alihesabiwa mkubwa wa kutosha kuolewa, ila mdogo mno kusoma habari za Rosa.

Wapo watakaoniuliza, kwa haki kabisa: mbona anayekufa ni Rosa? Mwandishi mwenyewe si amemwadhibu? Swali hili lilinisumbua sana. Rosa anajiua baada ya mchumba wake, Charles, kumkataa kwa kuwa si bikira. Usafi wa Charles hakuna anayeuuliza. Kama riwaya ingekomea hapo, ningesema naam, Kezilahabi ameshika fimbo ya Zakaria. Lakini haikomei hapo. Inawapeleka baba na binti mbele ya Mungu, na huko wanashtakiana. Kesi ambayo kijiji kilikwisha kuifunga inakatiwa rufaa mbinguni. Mtu asiyeamini chochote hakati rufaa ya namna hiyo. Hata hivyo nakiri kwamba rufaa hiyo inamchelewa Rosa, na hapo ndipo ninapogombana na mwandishi.

Shaka yenyewe inakomaa katika Kichwamaji, mwaka 1974. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu kama sisi, na imani ya utotoni haimtoshi tena. Wahakiki wengi wa wakati ule walimpima kwa mizani ya Ujamaa wakamwona mgonjwa wa mawazo ya Ulaya. Lakini mtoto wake anazaliwa na kichwa kikubwa kwa sababu ya ugonjwa wa zinaa ambao hakuna aliyeutaja mapema. Ukimya tena! Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa lilelile. Sisemi Kezilahabi alikuwa nabii. Nasema alijua gharama ya kutotaja mambo.

Nirudi bwenini. Nilipokuwa kidato cha tatu tulipimwa mimba mwanzoni mwa muhula, na jirani yangu wa kitanda akaondoka siku hiyohiyo na sanduku lake. Jioni tulisali rozari kama kawaida. Jina lake halikutajwa katika maombi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiongoza sala, na ningeweza kulitaja. Nilinyamaza. Tangu usiku ule sala yangu imekuwa na ufa. Mnamo Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaweza kurudi shule. Nilifurahi, nikalia pia, maana kwake yeye ilikuwa imechelewa.

Mama yangu, mwana-WAWATA wa damu, aliniuliza likizo iliyopita kama bado naamini. Nikampa Rosa Mistika asome. Siku tatu baadaye akanirudishia, akakaa, akaniambia mambo ya usichana wake ambayo hakuwahi kuniambia. Tulizungumza mpaka taa ikaisha mafuta. Swali lake sijalijibu. Ila Jumapili ile tulikwenda misa pamoja, na wakati wa maombi ya waamini, alipoombwa kila mtu ataje nia yake, nililitaja jina la yule rafiki yangu kwa sauti.